Masikio ya Jemedari

Baba Lusungu alizikwa Kalenga siku ya Jumamosi, na mimi nilifika mazikoni nikiwa na hofu ileile niliyoondoka nayo Igowole miaka ishirini na miwili iliyopita. Habari za kifo zilinikuta Mbeya, ambako nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu tabia za punda wa mikokoteni. Binti yake, Lusungu mwenyewe, alinitumia ujumbe wa mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa msiba. Wa pili ulisema: "Mama anaomba uje, na useme neno." Mtu mwingine angeelewa kwamba anaombwa kutoa rambirambi. Mimi nilikaa na sentensi ile siku nzima, nikiigeuza huku na huku kama ninavyogeuza kila kitu, kwa sababu kweli kulikuwa na neno. Lilihusu mguu wa kulia wa marehemu, ambao tangu mwaka ule hadi anaingia kaburini hakuweza kuukunja sawasawa, na lilihusu sekunde mbili ambazo mimi, na mimi peke yangu kama nilivyoamini, nilijua zilivyopita. Ndani ya basi niliandika neno hilo kwenye daftari, nikalikata, nikaliandika upya kwa uangalifu zaidi, nikalikata tena. Niliposhuka Ipogolo kungoja usafiri mwingine, nilikuwa bado nikikata maneno daftarini nimesimama, hata mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma alinisogezea kigoda chake bila kuniuliza kitu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na kati yangu na chuo kulikuwa na mwaka mmoja mtupu. Nikapata kazi ya kuandika daftari la chanjo katika shamba moja karibu na Igowole lililofuga farasi wa kupandwa na wageni. Sikuwahi kusimama karibu na farasi. Nilidhani nitamjua kwa kuwa nilimjua ng'ombe, na kosa hilo lilidumu mpaka asubuhi ya kwanza, farasi aliponigeukia akanitazama usoni, jambo ambalo ng'ombe hana haja nalo. Chumba changu kilipakana na stoo ya matandiko, vikitenganishwa na ukuta wa mbao uliokuwa na nyufa. Harufu ya ngozi na jasho la farasi ilipenya hadi kwenye blanketi, na niliposujudu, mkeka wangu wa kusalia ulinukia banda. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mufindi iliingia mifupani. Ukungu ulikaa juu ya mashamba ya chai hadi saa nne, na katika ukungu huo nilisikia kwato kabla sijawaona wenye kwato, na kila mara moyo ulinienda mbio.

Mahali pekee palipokuwa na joto ni jikoni kwa Mama Zawadi, mpishi wa wafanyakazi. Tulikula makande, viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa iliyounguza ulimi. Masaisi, yaani wale wanaume waliotunza farasi, waliingia jioni na vikombe vyao vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakanisogezea chai yangu kwa heshima ya kejeli, wakisema sharifu amefika, mfichieni mianzi. Mazungumzo yao yote yaliishia kwa Jemedari. Alikuwa farasi dume aliyehasiwa, rangi ya kahawia iliyokolea, mpole bandani kama mtoto aliyeshiba, na malishoni hakumgusa mwenzake. Lakini akifungwa kamba na kuongozwa kwenye msafara, aling'ata. Alimng'ata yeyote aliyekuwa mbele yake au pembeni yake, kwa ghafla na bila ugomvi, kama mtu anayemfinya jirani yake kanisani.

"Leo kamng'ata yule jike Asali mara mbili kabla hatujafika langoni," saisi mmoja alisema.

"Dawa yake kofi la pua," mwingine akajibu.

Baba Lusungu, saisi mkuu, Mhehe wa Kalenga mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana nayo, aliweka kikombe chini. "Umeshampiga mangapi?"

"Mengi tu, Baba."

"Na amepona?"

Mama Zawadi alicheka hadi akashika ukuta. "Hii farasi inawajua nyinyi kuliko nyinyi mnavyoijua!"

Saisi aliyekuwa akimwongoza Jemedari aliondoka kwenda kwao kuoa, akanogewa huko, hakurudi. Asubuhi moja Baba Lusungu akasimama mlangoni pa ofisi yangu na kamba mkononi. Nikamwambia kwamba mimi ni wa daftari. "Daftari lina miguu?" akauliza. "Farasi wanataka kwenda malishoni, mwanangu." Sijui kama alinichagua kwa sababu ya uangalifu wangu au kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Nimeyawaza yote mawili kwa miaka mingi, na leo naelekea kuamini la pili. Nilichojua ni kwamba niliishika kamba ile inchi chache tu chini ya kidevu cha mnyama mzito mara nyingi kuliko mimi, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba kichwa kisipoweza kusogea, meno hayataweza kufika popote. Jemedari alianza kutikisa kichwa, akatoa povu, akang'ata hewa.

"Umemkaba," Baba Lusungu alisema. "Mtu akikabwa hufanya nini?"

"Hupigana."

"Basi mwachie shingo yake. Simama begani, usisimame mbele ya mdomo wala nyuma kiunoni. Kamba ilegee kidogo kama tumbo la kamba ya kuanikia nguo. Na umbali: kati yako na farasi wa mbele, weka nafasi ya farasi mmoja na nusu. Usikaribie hata kama ukungu umenimeza."

Kisha akanifundisha lile ambalo mpaka leo naliona ni somo bora la tabia za wanyama nililowahi kupewa, ingawa nimekaa madarasani miaka mingi baada ya hapo. Alisema farasi haanzi kung'ata kwa meno. Huanza kwa masikio. Kwanza sikio moja hulala nyuma, halafu la pili. Kisha shingo hushuka na kujinyoosha kama ya bata. Kisha midomo hukaza. Meno huja mwisho, na ukingoja meno umeshachelewa. Kofi humfundisha kitu kimoja tu: kuuma upesi zaidi, kabla mkono haujafika. Kwa hiyo dawa iwahi sikio. Sikio likilala, mgeuzie pua kwako, piga hatua kuelekea kiuno chake, mfanye avushe miguu ya nyuma, halafu endelea na safari kama vile hakuna kilichotokea, wala usimnunie. "Mpe miguu yake kazi," alisema, "mdomo utasahau." Niliyaandika yote daftarini kwa mpangilio. Kuandika kulikuwa njia yangu ya kuogopa.

Sasa nifikie salamu. Mama Zawadi aliniona mtoto wa mjini asiyejua kusimama mbele ya watu wazima, akajipa kazi ya kunirekebisha. Shikamoo yangu, alisema, ilikuwa ya kupita tu, kama ya mtu anayewahi gari. Hapa ukikutana na bibi njiani unasimama, unakunja magoti, unashusha macho, unasema "kamwene," na unangoja uitikiwe ndipo uinuke. Tulifanya mazoezi jikoni, yeye akijifanya bibi kwa kuinama na mwiko, mimi nikikunja magoti hadi akaridhika. "Haya! Sasa unaweza kuolewa Igowole." Niliifurahia salamu ile kuliko nilivyopaswa. Ilikuwa kitu cha kwanza katika shamba lile nilichoweza kukifanya bila kuogopa.

Asubuhi ya tukio tulikuwa wawili tu njiani, Baba Lusungu mbele na yule jike Asali, mimi nyuma na Jemedari. Njia ya kwenda malishoni ilikuwa nyembamba, kushoto kingo ya udongo, kulia chai. Ukungu ulikuwa mzito, na kwa kuogopa kuachwa ndani yake nilikuwa nimeipunguza ile nafasi ya farasi mmoja na nusu ikawa nusu tu. Hilo pekee lingetosha kuwa kosa. Lakini mbele yetu akatokea bibi kizee na mzigo wa kuni kichwani, akaja akipita ukingoni mwa chai, akafika usawa wangu. Nikasimama. Nikakunja magoti. Nikashusha macho, nikayaona matope na vidole vya miguu yake, nikasema, "Kamwene, bibi." Akaitikia, "Kamwene, mwanangu," kwa furaha ya mtu ambaye hakutegemea. Kisha kamba ikaruka mkononi mwangu, ikanichana kiganja. Nilipoinua uso, Jemedari alikuwa tayari amemng'ata Asali tako, Asali alikuwa ameshatupa miguu yote miwili ya nyuma, na Baba Lusungu alikuwa ameketi kwenye kingo, akiushika mguu wake chini ya goti kwa mikono miwili, uso umegeuka rangi ya majivu. Bibi alitupa kuni zote chini, akapiga kelele kwa Kihehe. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nikifikiri, kwa utaratibu wa kutisha, kwamba hakuna aliyeniona nikitazama chini.

Mwenye shamba, tuliyemwita Madam, alirudi kutoka hospitali jioni hiyo akatukusanya uani. Akasema mguu umevunjika mahali pawili, na kwamba hataki saisi wa pili avunjike. "Jemedari akiuma tena, hata mara moja, namwita mtu wa bunduki. Nimemaliza." Nilijua kwamba sentensi yangu moja ingebadilisha hukumu ile: farasi alifanya alivyozoea, mimi ndiye niliyeacha kumwangalia. Nilifungua mdomo. Nikaona nafasi yangu ya chuo, barua ya sifa niliyoahidiwa, basi la kurudi Mbeya, nyuso za nyumbani. Nikaufunga. Siku nane baadaye Baba Lusungu aliletwa na bendeji ngumu hadi pajani, na neno la kwanza alilomwambia Madam, mbele yetu sote, lilikuwa, "Farasi hana kosa. Kosa ni langu." Hakueleza zaidi. Nami nilielewa papo hapo, kwa ile akili yangu inayopenda kuelewa mapema mno, kwamba amejua kila kitu na anabeba mzigo wangu.

Tangu hapo nilimwogopa yeye kuliko farasi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya ua, mguu umenyooshwa juu ya gunia la pumba, akanielekeza nikimwongoza Jemedari kumzunguka, kwanza peke yake, halafu nyuma ya Asali kwa mbali, halafu karibu kidogo. "Sikio!" aliita. Nikageuza, nikapiga hatua kiunoni, nikaendelea. "Sikio!" Ndani ya wiki mbili hakuwa na haja ya kuita. Lakini kulikuwa na kanuni moja aliyoirudia kuliko zote: "Ukishika kamba, mdomo wako ni wa watu, macho yako ni ya farasi. Salimia kwa mdomo tu. Ukishika kamba hakuna bibi, hakuna babu, hakuna askofu." Niliisikia kama hukumu iliyofungwa ndani ya fundisho. Nilijiuliza kwa nini haniambii waziwazi. Nilijiuliza pia swali lingine, ambalo sikupata wa kumuuliza: saisi mwenye miaka thelathini kazini alikuwa akifanya nini kiunoni mwa Asali, mahali ambapo alinikataza mimi kusimama tangu siku ya kwanza? Mahali pake palikuwa begani. Sikuwa nimeona alivyofika pale, kwa kuwa nilikuwa nikitazama vidole vya bibi.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Madam akasema atatembea nasi malishoni aone mwenyewe. Farasi wanne kwenye msafara, Jemedari wa tatu, mimi begani mwake, Madam nyuma, na Baba Lusungu akibaki langoni na magongo yake. Sikulala vizuri wala sikunywa chai. Ukungu ulikuwepo, na nilikuwa nikihesabu nafasi ya farasi mmoja na nusu kwa hatua zangu, nikiihesabu tena kila baada ya hatua kumi. Tulipofika penye kingo ya udongo, akatokea bibi yuleyule na kuni zilezile. Namkumbuka kama kivuli tu, kwa sababu sikumtazama. Magoti yangu yalitaka kujikunja yenyewe, niliyahisi yakianza. "Kamwene, bibi!" nilisema kwa sauti ya juu, macho kwenye masikio ya Jemedari, na aibu ikanichoma mashavu, maana kumsalimu mzee kwa kumpitia hivyo ilikuwa kama kumrushia salamu kwa jiwe. Sikio la kulia likalala. Likafuata la kushoto. Nikamgeuzia pua kwangu, nikapiga hatua, miguu yake ya nyuma ikavuka kwenye matope, na tukaendelea. Masikio yakasimama. Nyuma yangu nilimsikia Madam akitoa pumzi. Nyuma zaidi nilimsikia bibi akilalamika: "Huyu mtoto zamani alikuwa na adabu!"

Jemedari hakupigwa risasi. Mwishoni mwa mwaka niliondoka na barua yangu ya sifa, nikampa Baba Lusungu mkono langoni, na neno langu nikaondoka nalo. Baadaye nilimpigia simu kila sikukuu. Tuliongea habari za mvua na za Jemedari mpaka farasi huyo alipokufa kwa uzee, na kila mara kabla ya kukata nilivuta pumzi nikisema moyoni, sasa, halafu nikasema, "Haya Baba, msalimie Mama."

Baada ya mazishi niliitwa ndani walikokaa wanawake. Sebule ilikuwa imeondolewa viti, mikeka imetandikwa, na harufu ya wali na moshi wa kuni ilitoka uani. Sikuwahi kuonana na Mama Lusungu. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, ameegemea ukuta. Nilipiga magoti mbele yake, nikashusha macho, nikampa pole. Akanishika mkono asiuachie. "Huyu ndiye Saida," aliwaambia wenzake. "Saida wa farasi." Wakaniitikia wote kwa mguno wa kunitambua ambao ulinitisha. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Sema neno." Lile neno nililoliandika na kulikata lilikuwa kwenye mkoba. Sikulitoa. Nikasema, "Mama, nataka kusema habari ya ule mguu," na mwanamke mmoja pembeni akaguna kwa kicheko alichojaribu kukizuia kwa kanga, mwingine akamfuata.

"Alikuambia?" Mama Lusungu akashangaa. "Aliapa wewe hatakuambia!"

"Kuniambia nini, Mama?"

"Yule bibi wa kuni," alisema kati ya kilio na kicheko, "ni mama yangu mzazi. Alikuwa amehamia kwa mdogo wangu huko Igowole, mume wangu hana habari kama ndiyo njia yake ya kuni. Basi mwanamume yuko njiani, njia kama uzi, kamba mkononi, anaona mkwe wake huyo anakuja usoni. Wa zamani yule, na kwetu hukutani uso kwa uso na mama wa mkeo; mkwe alimwogopa kuliko simba. Afanye nini? Akajificha nyuma ya farasi! Akainamisha kichwa hapo kwenye kiuno cha farasi anangoja mkwe apite. Kila Krismasi anasimulia hapa, tunamcheka. Anasema, saisi mkuu mzima nilivunjwa mguu na mkwe, na yule binti asijue, ataniheshimu vipi tena?"

Walicheka, wakalia, wakacheka. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilikuwa nikiipanga upya miaka ishirini na miwili, jambo moja baada ya jingine: kosa ni langu, hakuna bibi, hakuna babu, yale maneno yote niliyoyabeba kama mashtaka. Alikuwa akijisema mwenyewe. Hakuwahi kujua. Na kwa kuwa hakuwahi kujua, ningeweza kunyamaza, na kunyamaza huko kusingemdhuru mtu yeyote aliyekuwa hai. Niliona njia hiyo ikifunguka mbele yangu, pana na salama, na hofu iliyonijia hapo ilizidi ya siku zote.

"Mama," nikasema, "na mimi nilikuwa nikitazama chini. Nilikuwa nimepiga magoti, namsalimu mama yako. Nilimsogeza Jemedari karibu mno, halafu nikaacha kumwangalia. Madam aliposema atampiga farasi risasi, nilinyamaza. Sijamwambia mtu mpaka leo. Hata yeye sikumwambia."

Nje mtu aliangusha sufuria, hakuna aliyegeuka. Mama Lusungu alikuwa bado ameushika mkono wangu, na nilihisi kidole gumba chake kikipita taratibu juu ya alama ngumu ambayo kamba iliniachia kiganjani mwaka ule, kikarudi, kikapita tena. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Sasa mwanangu, kama wewe ulikuwa unatazama chini, na yeye anatazama chini, nani alikuwa anamwangalia farasi?"